Waya Uliolala Chini

Baba alilima hapa miaka thelathini na minne,
akavuna mawe.
Kila theluji ilipoondoka ardhi ilizaa upya:
jiwe kama kichwa cha ng'ombe, jiwe kama chungu,
jiwe lisilofanana na kitu.
Tuliyabeba, mimi na dada yangu Impi, hadi ukingoni,
tukajenga ukuta usiozuia chochote.
Chini ya udongo wa kina cha kiganja
ni itale tupu, kushuka mpaka sijui wapi.
Shayiri yetu iliota kama ndevu za mvulana.

Sasa nina miaka sitini na tisa,
na jiwe hilohilo nimelirudia kuliomba kazi.

Wenye mashamba manono kule bondeni hawana bahati hii.
Udongo wao hupokea mkondo wa umeme
na kuumeza papo hapo, kama mtoto na uji.
Jiwe ni bahili. Jiwe husema: pita kwingine.
Basi umeme huzama, huzunguka mbali,
hushuka gizani na kurudi juu kwa kigingi cha pili,
na katika pete hiyo isiyoonekana
Karelia nzima hutingishika kidogo.
Kidogo sana. Nisijisifu.

Sina mnara. Wimbi langu lina urefu wa kilomita mbili na ushei,
mlingoti wake ungetoboa mawingu na mfuko wangu.
Nina waya wa simu za jeshi, mita mia nne,
umelala chini tangu nyuma ya sauna hadi misonobarini,
na vigingi viwili vya shaba, kila ncha kimoja.
Kabla ya baridi kuuma huvimwagia maji ya chumvi.
"Unakoleza supu ya nani?" huuliza Impi.
Sungura wameuguguna mara tatu.
Trekta ya Impi imeukata mara mbili;
kwa maelezo yake, ulijikata.

Huku chini kwenye masafa haya hakuna haraka.
Nukta moja, dakika nzima.
Mstari mmoja, dakika tatu.
Herufi O ni mistari mitatu na mapengo yake:
dakika kumi na moja, na kahawa imeshapoa.
Jina la kituo changu huchukua saa moja na nusu kutamkwa,
na sina la kuongeza baada ya jina.
Mtu akiniuliza nasema nini usiku kucha,
nasema: nipo. Bado naendelea kusema nipo.

Januari, usiku wa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
Jógvan wa visiwa vya Faroe
alikaa mbele ya kioo chake kilichojaa chenga za radi za mbali,
akaona mkwaruzo.
Alinitumia picha asubuhi:
mistari mitatu hafifu, kama kucha juu ya masizi,
kisha nukta, kisha nukta,
kisha hakuna.
"O ni kamili," aliandika. "H imefia njiani.
Uko salama?"

Nilikagua waya wote kwa magoti na tochi.
Mzima. Vigingi vizima.
Nikarudi bandani, nikakuta plagi yangu sakafuni
na plagi nyingine mahali pake:
Impi alikuwa anapasha injini ya trekta moto.

Sikugomba. Nilimwekea ile picha mezani, kando ya mkate.
Aliivuta karibu, akavua miwani, akaivaa tena.
"Hii ni nini?"
Shamba, nilimwambia. Lilivyoonekana kutoka Faroe.
Alitafuna muda mrefu.
"Na hapa ndipo nilipochomoa?"
Hapo.

Hakusema pole; kwetu neno hilo huwekwa akiba.
Lakini leo nimetoka kupima mkondo,
nikaona alama za trekta kwenye theluji mpya:
zimekuja moja kwa moja kutoka barabarani,
zikafika karibu na waya,
zikapinda, zikazunguka kigingi kwa mbali,
mita hamsini za mafuta ya bure,
kisha zikanyooka tena kuelekea kuni.